Chuma Kimo Vumbini

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kama kuna neno lililonitoa jasho maisha yangu yote hapa Isiolo, ni neno "hakuna". Nenda nyumba yoyote, piga hodi, uliza kama baba yupo. Utajibiwa, "Baba hakuna." Si kwamba mtoto hana baba, wala si kwamba baba amefariki. Baba ameenda sokoni kuuza mbuzi na adhuhuri atarudi kula. Lakini hakuna. Mwalimu akichelewa, mwalimu hakuna. Ng'ombe wakiwa malishoni, ng'ombe hakuna. Nilikemea, nikabembeleza, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAYUPO, HAWAPO, HAKIPO, HALIPO. Wasichana walinakili kwa mwandiko safi kabisa, kisha wakatoka nje wakaambiana, "Lokaale leo hakuna, twende mtoni."

Lokaale ndiye mimi.

Nilidhani ile ni vita yangu peke yangu, mpaka alipokuja Safiyo Dualeh kufundisha fizikia. Na leo nikisema kwamba neno hilo moja lilitumiwa kuwanyang'anya wasichana wetu darasa zima, watu hunitazama kama mtu anayezeeka vibaya. Basi nitaeleza yote, na mwenye kukasirika akasirike pamoja nami. Mimi nilianza zamani.

Safiyo alizaliwa mjini hapa hapa, katika familia za Wasomali ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza. Babu yake alipigana vita visivyomhusu, na alipochoka akaambiwa akae Isiolo na mifugo yake. Baba yake, Dualeh, aliacha mifugo akashika malori, na kaka yake Hersi akayarithi malori hayo. Safiyo hakurithi lori. Alirithi mdomo. Dualeh alikuwa akisema kwamba binti huyu angezaliwa mwanamume angekuwa wakili au mfungwa.

Alisoma katika miaka mibaya, ile ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge, wakati mtu wa Isiolo alisimamishwa na askari kila kona aeleze yeye ni nani na anakwenda wapi. Sisi wa huku, tukivuka kizuizi cha polisi kuelekea Nanyuki, husema tunaenda Kenya. Wageni hudhani ni mzaha. Mwaka 1972 Safiyo akaenda Kenya, chuo kikuu Nairobi, kusomea fizikia na ualimu. Katika darasa lao wasichana walikuwa wachache, na msichana wa kutoka kaskazini alikuwa yeye tu.

Mwaka huo huo Wamarekani walirusha setelaiti yenye darubini ya kutazama nyota, na kabla Safiyo hajamaliza masomo habari za yale yaliyoonekana zilifika darasani kwao. Alinisimulia mara nyingi, kwa hivyo nami nitajaribu, ingawa mimi ni mtu wa ngeli na methali, si wa nyota.

Watu hudhani kati ya nyota na nyota ni patupu. Si patupu. Kuna gesi, nyembamba kupita hewa yoyote tunayoijua, na mwanga wa nyota ya mbali hupita ndani yake kabla ya kutufikia. Kila elementi iliyo katika gesi hiyo hukata rangi zake yenyewe kutoka katika mwanga ule na kuacha alama, na alama ya chuma haifanani na ya salfa, kama chapa ya ngamia wa ukoo huu isivyofanana na ya ukoo ule. Ukizisoma alama, unajua gesi ina nini na kwa kiasi gani. Wataalamu walitarajia kukuta chuma kwa kiwango kile kilichomo katika jua, maana jua nalo lilitokana na gesi ya namna hiyo. Hawakukikuta. Katika mawingu mengine hata sehemu moja kwa mia ya chuma kilichotarajiwa haikuonekana. Kalsiamu ilikuwa adimu zaidi. Salfa na zinki, ajabu, zilikuwepo karibu zote.

Mhadhiri alipofika hapo alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichopungua mpaka kikaisha. Kijana mmoja akageuka nyuma na kusema kwa sauti ya kusikika, "Safiyo, kumbe hata angani kuna Isiolo! Maji hakuna, barabara hakuna, sasa na chuma hakuna." Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri naye alicheka.

Safiyo hakucheka. Alisimama akauliza, "Kimeibwa na nani?"

Mhadhiri akafuta miwani yake na kueleza kwamba hakikuibwa. Katikati ya gesi kuna vumbi, laini kama moshi. Gesi inapotoka katika nyota zilizozeeka hupoa, na elementi zinazoganda upesi, kama kalsiamu na chuma, hushikana zikawa chembe za vumbi. Zile zisizoganda upesi hubaki katika gesi. Chuma kilichofungwa ndani ya chembe hakiwezi tena kuacha alama yake katika mwanga, na kwa hivyo chombo hakikioni.

"Basi hakijaisha," Safiyo akasema. "Kimo vumbini. Mwenye kasoro ni anayepima gesi peke yake halafu anatangaza kwamba kitu hakuna." Akaketi. Kila aliponisimulia kisa hiki alikasirika upya, kana kwamba yule kijana alikuwa amekaa nasi pale chumba cha walimu.

Alirudi Isiolo mwaka 1976, shule yetu ya wasichana. Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mfupi, mwendo wa haraka, na viatu vyake vilisikika kutoka langoni. Alikuwa na thamosi ya chai ya maziwa ya ngamia ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuonja. Aliificha kabatini na kufunga kwa kufuli. Mimi na yeye tuligombania kiti kimoja karibu na dirisha kwa miaka, na kuna mwaka karibu mzima hatukusalimiana ila kwa kupitia kwa watu wengine. Lakini darasani, wallahi, sijaona mfano wake.

Darasa lake lilipakana na langu, na ukuta ulikuwa wa mbao tu, kwa hivyo nilifundishwa fizikia kwa lazima. Siku ya somo la vumbi, mwaka 1982, alikuja na jiko la makaa na sufuria ya supu ya mkia wa kondoo. Harufu iliniharibia kabisa somo la viambishi. Nikawapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika, nikatoka nikasimama dirishani kwao.

"Onjeni," alisema. Wasichana wakapokezana kijiko. "Kuna nini hapo?"

"Mafuta, madam! Na chumvi!"

Akaitoa sufuria jikoni, akaitumbukiza katika karai la maji ya mtungi, akaendelea na hesabu nyingine. Mafuta ya mkia hayana subira. Yaliganda ukingoni, yakaganda kwenye mwiko, yakafanya utando juu. Safiyo akachuja yale maji yaliyobaki katika kikombe kupitia kitambaa, akaificha sufuria chini ya meza. "Onjeni tena."

Wakaonja, wakakunja nyuso. "Mafuta hakuna, madam."

"Hakuna?" Alipaza sauti mpaka wangu wakainua vichwa. "Nani amekunywa? Wewe? Wewe?"

Msichana mmoja mrefu, Qabale Halkano wa kutoka Biliqo, akanyoosha mkono. "Madam, mafuta iko kwa sufuria. Imeshika huko."

"Na chumvi?"

"Chumvi iko hapa kwa kikombe. Hiyo baridi haiwezi kushika."

Safiyo akatoa sufuria na kuwaonyesha ule weupe uliogandamana pembeni. Mafuta ndiyo chuma na kalsiamu, akasema, na chumvi ndiyo salfa na zinki, na yule anayeonja kikombe tu ni mtazama nyota na chombo chake cha kupima gesi. Kisha akarudisha kila kitu jikoni, na supu ikawa supu tena. Huko juu, akasema, jiko ni nyota inayolipuka. Wimbi lake hupiga mawingu, husaga vumbi, na chuma kinarudi katika gesi, kikaonekana. Halafu wakainywa ile supu yote, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani bila hata kukaribishwa.

Tangu siku hiyo akapiga marufuku neno langu. Alipoita majina asubuhi na msichana akawa hajafika, hakuna aliyeruhusiwa kujibu "hakuna". Ilibidi mtu aseme aliko. "Hawo Dullo?" "Yuko Sericho, madam, mama yake anaumwa." "Vizuri. Sasa tunajua pa kumfuata." Kama hawakujua aliko, kazi yao ya kwanza siku hiyo ilikuwa kuulizia, kabla ya fizikia. Mimi nilikuwa nimepigana na neno lile miaka mingi kwa sarufi na sikulitikisa. Yeye alilifukuza kwa supu. Nilimwonea wivu, na nilianza kumwachia kiti.

Na tangu aje, kila mwaka wasichana wawili watatu wa darasa lake walikuwa wakivuka kizuizi kwenda kusoma mbele. Kisha ukaja mwaka 1984.

Aliyekuwepo hahitaji kukumbushwa kiangazi kile. Ng'ombe walikufa wamesimama. Likizo ya Agosti ilipokwisha, wasichana wa mjini walirudi, na wa Burat walirudi, lakini wale wa mbali, wa Biliqo na Merti na Sericho, hawakuonekana. Malori yalikuwa yamebeba mahindi ya msaada, si watoto. Na katika kidato cha tatu, darasa la fizikia lilikuwa karibu lote la wale wa mbali. Safiyo akabaki na madawati.

Hapo ndipo akatokea mkaguzi wa shule. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sitaki litajwe. Alikuja kutoka Kenya, amevaa suti katika joto lile, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kama cha mtangazaji wa redio. Nakiri kwamba nilifurahi kumsikia. Alisema darasa la fizikia la wasichana lisilo na wasichana ni upuuzi, na kwamba mizani, betri na lenzi zetu zitapelekwa shule yenye watu. Safiyo akamwambia watu wapo. Mkaguzi akasema yeye ni mtu wa haki, ataenda kujionea mwenyewe. Na kweli alienda, akapanda Land Rover mpaka Biliqo. Kwa hilo nilimsifu kabla sijajua alichokifanya huko.

Alichokifanya alinieleza baadaye Halkano, baba yake Qabale, akiwa bado haamini.

"Yeye amefika jua kali," Halkano alisema. "Ameuliza, wewe ndiyo baba ya Qabale? Nikasema ndiyo mimi. Akauliza, Qabale yupo? Nikasema, Qabale hakuna. Akauliza, hakuna kabisa? Mimi nikasema hakuna kabisa, bwana, lakini kaa kunywa chai. Yeye anaangalia saa tu. Kama yeye amengojea chai, ameona punda anatoka kisima, na Qabale nyuma ya punda."

Akaenda nyumba ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Kila mzazi alijibu kwa adabu, kwa Kiswahili alichojua, na kila mmoja alimkaribisha chai. Hakunywa hata kikombe. Akarudi Isiolo siku hiyo hiyo, akatukusanya chumba cha walimu na kutangaza kwamba wasichana wale ni majina tu. Kwamba Mwalimu Safiyo amejibunia wanafunzi ili asipoteze darasa.

Safiyo aliweka mikono yote miwili mezani. "Bwana mkaguzi, uliuliza wako wapi?"

"Niliuliza kama wapo."

"Ndiyo maana."

"Madam, hakuna maana yake ni hakuna." Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu, kama mtu anayemwita shahidi wake. "Mwalimu wa Kiswahili yuko hapa. Mwalimu Lokaale, hebu tuambie."

Nikasimama. "Katika sarufi, bwana, hakuna ni hakuna," nikasema. "Huko Biliqo, hakuna ni ameenda kuteka maji. Wewe uliwauliza watu wa Biliqo, hukuwauliza watu wa sarufi."

Alicheka! Alidhani natania. Akasema walimu wa lugha ni watu wa vichekesho, akachukua mkoba wake na kusema atarudi na gari la kubebea vifaa. Huyu ni mtu aliyesoma. Alikwenda safari ile yote juani, akafika mpaka mlangoni kwa msichana anayemtafuta, akarudi kusema hajazaliwa. Nilikasirika nikashindwa kula, na mke wangu akaniuliza kama nimegombana na Safiyo tena.

Safiyo alienda moja kwa moja kwa kaka yake, Hersi, aliyekuwa chini ya lori akifunga springi.

"Lori ya Merti inaondoka lini?"

"Kesho, na mahindi ya msaada. Lakini abaayo, dada yangu, hiyo barabara saa hii ni mbaya, na ndani nimejaza makuli."

"Nitakaa juu ya magunia."

"Wewe mwalimu ukae juu ya magunia?"

"Nimewahi kukaa juu ya nini tangu nizaliwe, Hersi, kama si magunia yenu?"

Akaondoka nalo. Lilipita Archers Post, likashika njia ya kuelekea Merti, na Hersi aliniambia vumbi lilimfunika dada yake mpaka akashindwa kumtofautisha na mzigo. Biliqo alishuka, akatoa salamu, akaitikiwa, akakaa, akanywa chai. Chai ilipokwisha ndipo akauliza, "Qabale yuko wapi?"

"Yuko kwa kisima," Halkano akajibu, hapo hapo, bila kufikiri.

Safiyo akatembea mpaka kwenye mkondo wa mto uliokauka. Alimkuta Qabale amezama katika kisima cha mchanga mpaka mabegani, anachota na kupitisha juu. Yule msichana alipoinua uso, jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Madam, kuna mzee alikuja kuuliza mimi, wakamwambia hakuna. Na mimi nilikuwa hapa tu!"

Nikikumbuka maneno hayo hasira inanirudia mpya.

Halkano hakukataa kumwachia. Alitazama zizi lake ambalo sasa mtu angeweza kuhesabu ng'ombe kwa vidole, akasema, "Chukua yeye, madam. Hapa anachota maji ya nani? Huko shule angalau kuna ugali." Wazazi wengine nao wakasema watoto wao waliko, huyu yuko kwa mbuzi, yule yuko Merti kwa shangazi, na Safiyo akawafuata mmoja mmoja. Aliwapata karibu wote.

Hawo Dullo hakumpata. Hawo ndiye aliyekuwa na kichwa kuliko wote, hata Qabale alikubali. Familia yake iliishi Sericho, mbali na njia ya Merti, na katika njaa ile wakamwoza kwa mtu mwenye ngamia waliobaki hai. Safiyo alitaka lori ligeuzwe kwenda Sericho. Hersi akakataa, dizeli haikutosha na njia ile lori lingekwama. Akaniambia ndiyo siku aliyomwona dada yake akilia akiwa mtu mzima, na kwamba alilia kwa sauti, mbele ya makuli, bila kuficha uso. Ningekuwa mimi ningelia vile vile. Hawo alikuwa hai, yuko mahali panapojulikana, ana akili zake zote, na hakuna chombo cha nchi hii ambacho kingemwona tena.

Mkaguzi aliporudi na gari lake, wasichana walikuwa wamesimama kwenye veranda ya maabara, wamekonda, vumbi la safari bado liko nyweleni. Akawahesabu. Halafu akaamua kuita majina yeye mwenyewe, pengine akitumaini kwamba hawakuwa wenyewe.

"Qabale Halkano."

"Niko."

Akaendelea, na kila mmoja akaitika, mpaka akafika kwa Hawo Dullo. Wasichana wote wakajibu kwa pamoja, "Yuko Sericho!"

"Siulizi yuko wapi. Nauliza kama yupo."

"Yuko Sericho, bwana," Qabale akasema. "Ameolewa."

Mkaguzi akaikunja orodha yake. Akasema basi, darasa litaendelea mpaka wasichana hawa wafanye mtihani wao mwaka ujao. Gari likaondoka tupu. Safiyo akaingia chumba cha walimu, akafungua lile kabati, akatoa thamosi na kutumiminia sote chai ya maziwa ya ngamia. Ilikuwa tamu, na niliumia kufikiria miaka yote ile aliyoninyima.

Tulifurahi mapema. Januari shule ilipofunguliwa, Safiyo alikuwa amehamishwa. Taveta! Toka huku mpaka Taveta ni nchi nzima iko katikati. Hakuelezwa sababu, ila mkuu wetu wa shule, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mwoga, alininong'oneza kwamba wakubwa walimwona ana mdomo mrefu. Wala hawakuleta mwalimu mwingine wa fizikia. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia kwa ujanja. Waliposhindwa kusema darasa halina wasichana, walimwondoa mwalimu, kisha wakasema darasa halina mwalimu. Mtu anakuibia jiko, halafu anakulaumu kwa kula chakula kibichi! Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa nifundishe ngeli zangu. Mpaka leo ninapoandika haya, mwishoni mwa miaka ya themanini, Safiyo bado yuko Taveta.

Siku ya kipindi cha kwanza cha fizikia bila yeye, nilikuwa upande wangu wa ukuta wa mbao. Wasichana walikuwa wameingia wenyewe na kukaa. Nikasikia viatu vya mkuu wa shule, na nikasikia sauti yake, ya upole, ya mtu anayetaka jambo liishe haraka.

"Wasichana, chukueni vitambaa vyenu mwende ushonaji. Mwalimu wa fizikia hakuna."

Nilisimama. Katika darasa langu hakuna aliyekuwa akiandika tena. Upande wa pili dawati likasogezwa na mtu mmoja akainuka.

"Yuko Taveta, madam," Qabale akasema.

"Nimesema hakuna mwalimu, Qabale."

"Yuko Taveta!" Sasa walikuwa wote, na wangu nao, upande huu wa ukuta, walisema pamoja nao, wasichana ambao sikuwahi kufaulu kuwafundisha kitu kile kwa miaka. Sikuwanyamazisha. Machozi yalinitoka na sikujali nani anaona.

Viatu vya mkuu wa shule vikarudi ofisini. Nikatoka nikachungulia dirishani kwao. Qabale alikuwa ametembea mpaka mbele, amefungua droo ya meza ya Safiyo, ametoa kipande cha chaki.

"Hawo Dullo," akaita, akianza na yule aliye mbali zaidi.

"Yuko Sericho."

Akageukia ubao na kuanza kuandika.